Kumtazama Mgonjwa Kabla ya Kumbeba

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumepewa heshima ya kuweka mbele yenu neno moja tu, nalo ni hili: matibabu ya mtu aliyepatwa na ajali huanzia pale alipolala, wala hayangoji mlango wa hospitali. Na kazi ya kuyaanza yaweza kufundishwa kwa watoto wetu wenyewe.

Wengi wenu mwakumbuka jinsi tulivyompoteza mwenzetu aliyegongwa na gari barabarani. Tulikuwapo. Kwa huruma nyingi tulimwinua, huyu akishika mkono, yule mguu, tukamketisha nyuma ya pikapu, tukaenda mbio. Hapana hata mmoja wetu aliyetazama damu yatoka wapi. Tulipofika, roho ilikuwa imekwisha kutoka. Daktari alituambia kwa upole kwamba jeraha lilikuwa la paja, na kwamba lau tungalilikandamiza kwa kitambaa na kwa nguvu za mikono miwili, pengine angalifika hai. Siku ile hatukukosa upendo, tulikosa mafunzo.

Wala upungufu huu haukuwa wetu peke yetu. Katika mji wa Pittsburgh, Marekani, hata katikati ya miaka ya 1960 mgonjwa alichukuliwa kwa gari la polisi. Alilazwa nyuma, na mara nyingi askari wote wawili walikaa mbele. Ndipo mwaka 1967 Dakta Peter Safar, mzaliwa wa Vienna, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amefiwa na binti yake kwa ugonjwa wa pumu, alipoungana na wenzake kuanzisha huduma ya Freedom House katika Hill District, mtaa wa watu weusi. Vijana waliochaguliwa, wengi hawakuwa na kazi, na baadhi yao hawakuwa wamemaliza shule ya sekondari. Walifundishwa kwa muda wa saa 300 hivi, na katika mwaka wao wa kwanza waliitikia wito zaidi ya 5,000.

Baadaye walifundishwa na Dakta Nancy Caroline, na mafunzo yake yakawa msingi wa mafunzo ya nchi nzima. Mwaka 1975 serikali ya mji ilianzisha huduma yake yenyewe, Freedom House ikafungwa, na wengi wa vijana wale wakasukumwa kando. Lakini elimu yao haikufungwa. Dakta Caroline mwenyewe alikuja Kenya katika miaka ya 1980, akafanya kazi na AMREF, shirika lipelekalo madaktari kwa ndege mahali pa mbali.

Sasa mtauliza, mhudumu wa dharura hufundishwa nini? Hufundishwa utaratibu. Afikapo, hutazama kwanza usalama wa mahali penyewe: magari yapitayo, moto, au waya wa umeme ulioanguka, kwani mwokozi akiumia, wagonjwa huwa wawili. Damu ikimwagika kwa wingi, huizuia mara moja. Humwita mgonjwa apate kujua kama ana fahamu. Huangalia njia ya hewa, kwa maana ulimi wa mtu aliyezimia waweza kuiziba. Huhesabu pumzi, ambazo kwa mtu mzima aliyetulia ni 12 hadi 20 kwa dakika, na mapigo ya moyo, ambayo ni 60 hadi 100. Moyo ukisimama, hukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika pasipo kukawia, kwa kuwa ubongo uliokosa damu huanza kuharibika katika dakika chache. Akishuku kwamba shingo au uti wa mgongo umeumia, hamruhusu mtu kumgeuza mgonjwa ovyo. Njiani humpima tena na tena, huandika alichokiona na saa yake, na hospitalini humweleza daktari yote. Yeye si daktari, naye aujua mpaka wake. Lakini ndani ya mpaka huo amebeba uhai wa mtu.

Wazee wetu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo ni njema, lakini haina mikono. Mikono ni yetu kuitoa.

Kwa hiyo, kwa idhini yenu, twaomba mambo mawili. La kwanza, mchague vijana wawili, wa kiume na wa kike, tuwalipie ada ya mafunzo kamili katika chuo kinachotambuliwa. La pili, kila tawi litenge siku moja ya kujifunza huduma ya kwanza, nasi wazazi tuwe wa kwanza kupiga magoti na kujizoeza. Twajua mfuko wetu si mkubwa. Lakini kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Mwenzetu yule hatuwezi kumrudisha. Lakini mwingine atakapoanguka barabarani, na tuwe watu wanaojua kumtazama kabla ya kumbeba.