Chakula cha Watoto Wadogo Walelewao Pamoja Mchana

Leo twapenda kusema nanyi juu ya watoto wadogo ambao mama zao hutoka alfajiri kwenda shamba au sokoni, nao hubaki mchana kutwa mikononi mwa mtu mwingine. Pengine ni bibi yao, pengine dada yao, pengine ni mama mmoja aliyechaguliwa na kijiji awalee watoto wa nyumba nyingi mahali pamoja. Mtoto wa namna hii hula sehemu kubwa ya chakula chake mbali na mama yake. Basi yule amlishaye mchana ameshika jambo kubwa kuliko adhaniavyo mwenyewe.

Kwanza yatupasa kulisema waziwazi jambo ambalo aghalabu watu hulinong'ona. Mtoto aliyekuwa mchangamfu, akiisha kupata mwaka mmoja na nusu au miwili, huanza kubadilika. Huwa mkimya, hataki kucheza, hulialia pasipo sababu. Nywele zake hupauka, tena hung'oka upesi. Miguu huvimba, kisha uso nao huvimba, hata mgeni akimwona asema, "Mtoto huyu amenona." Majirani hawasemi hivyo, wao hunong'onezana kwamba amebemendwa, yaani wazazi wake wamevunja mwiko wa kukutana kabla mtoto hajaacha ziwa. Mama husikia, huona haya, humficha mtoto ndani. Ugonjwa ule ni unyafuzi, nao waweza kutibiwa. Lakini siku za kufichwa ndani ndizo ziwauazo wengi.

Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ya Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa huu katika jarida la madaktari. Mwaka 1935 aliutaja kwa jina alilolisikia kwa wenyeji, Waga wa pande za Accra: kwashiorkor. Maana yake, kwa kadiri iwezavyo kufasiriwa, ni ugonjwa umpatao mtoto wa kwanza azaliwapo wa pili. Tazameni basi: Waga wako magharibi mwa Afrika, nasi tuko mashariki, na bado wazee wa huko na wa huku waliona jambo lile lile, ya kuwa maradhi haya hufuata mimba mpya ya mama. Wazee wetu hawakuwa vipofu. Wakati waliujua sawasawa; waliyokosa kuijua ni sababu.

Kwani mama apatapo mimba mpya, mtoto huondolewa ziwa ghafula, kwa kuogopa kwamba maziwa yale yameharibika. Hayakuharibika. Mama mwenye mimba aliye mzima aweza kuendelea kunyonyesha, na yafaa mtoto anyonye hata atimize miaka miwili au zaidi. Lakini yule aliyeondolewa hupewa badala yake uji mwepesi kama maji, na vipande vya ugali vilivyobaki katika sahani ya wakubwa. Madaktari wamebishana sana juu ya namna uvimbe ule utokeavyo mwilini. Wala hawakubishana kwamba huwapata zaidi watoto wanaolishwa chakula cha namna moja, kisicho na kitoweo, siku baada ya siku, hasa wakiandamwa na kuhara na surua.

Sasa twende mahali pa kulelea watoto, tuangalie wanavyokula. Aghalabu tutakuta sinia moja, na watoto kumi wameizunguka, mkubwa ana miaka mitano na mdogo ana mwaka mmoja na miezi michache. Ugali ni wa moto. Mkubwa amekwisha kumeza matonge manne, na mdogo angali akipuliza tonge lake la kwanza. Linamdondoka, analiokota, na alipoinua macho mboga imekwisha. Mlezi akiulizwa jioni atajibu kwa moyo safi kwamba watoto wote wamekula. Kweli walikaa wote penye sinia. Kwa hiyo neno letu la kwanza kwa walezi ni hili: mtoto aliye chini ya miaka mitatu apewe sahani yake peke yake, hata ikiwa ni kifuu cha nazi, na mtu mmoja aketi naye hata amalize. Hapo ndipo mlezi atakapojua mtoto amekula kiasi gani.

Neno la pili ni tumbo lenyewe. Mtoto mwenye uzito wa kilo 8 hawezi kupokea kwa mara moja zaidi ya robo lita hivi, yaani kikombe kimoja cha kawaida. Mkikijaza kikombe kile uji mwepesi, mmelijaza tumbo maji. Atashiba upesi, atalala, na mwili wake haukupata kitu. Mtu mzima aweza kula mara mbili kwa siku akalima. Mtoto hawezi, kama vile kibatari hakiwezi kutiwa mafuta ya juma zima kwa siku moja. Hapana budi apewe kidogo kidogo, mara nyingi, tena kizito.

Uzito wa uji hupimwa kwa kijiko: ukiinama nacho, uji ushikamane, usitiririke. Lakini mtoto wa miezi minane hawezi kumeza uji mzito kama ugali, nanyi mtatuuliza, tufanyeje? Jibu limo nyumbani mwenu. Kimea cha ulezi, kile kile kinachotengeneza togwa, hulegeza uji mzito pasipo kuongeza maji. Pikeni uji mzito kwelikweli, uacheni upoe kidogo, tieni kijiko cha unga wa kimea, koroga. Baada ya dakika chache mtauona umelainika. Ndipo mwurudishe motoni uchemke tena, kwa kuwa unga ule wa kimea haujapikwa. Mtoto atakunywa kikombe kile kile, lakini ndani yake mna unga mwingi zaidi.

Unga peke yake hautoshi. Uji wa asubuhi utiwe karanga zilizokaangwa na kusagwa, au maziwa, au tui la nazi kwa watu wa pwani. Wakaao kando ya ziwa wana dagaa. Waoshwe mchanga, wakaushwe, wasagwe pamoja na mifupa yao, na kijiko kimoja kitiwe katika mboga. Wakaao Kigoma wana mawese, na yale mawese mekundu ni dawa nzuri ya macho. Maharagwe yapondwe baada ya kuiva. Mchicha, matembele na majani ya maboga yakatwe madogo sana, yapikwe kwa mafuta kidogo, kwa kuwa nguvu ya majani yale ihusuyo macho haiingii mwilini vema pasipo mafuta. Na mayai? Kuna mahali watu husema mtoto alaye mayai atakuwa mwizi. Mwizi wa mayai twamjua: ni mtu mzima aliyelila yai la mtoto.

Umri nao uangaliwe. Kabla ya miezi sita mtoto hahitaji kitu ila maziwa ya mama, wala maji. Mama wa mtoto huyo arudi kumnyonyesha, au akamue maziwa katika chombo safi chenye kifuniko, na mlezi amnyweshe kwa kikombe. Chupa ni vigumu kuisafisha. Akitimiza miezi sita aanze kwa vijiko viwili vitatu vya chakula kilichopondwa, mara mbili au tatu kwa siku, kisha kiongezwe kidogo kidogo hata nusu kikombe. Toka miezi tisa ale mara tatu au nne, nusu kikombe kila mara, chakula kilichokatwakatwa. Akipita mwaka, robo tatu ya kikombe hata kikombe kizima, mara tatu au nne, na katikati apewe kitu kidogo cha kushika mkononi: ndizi mbivu, kipande cha papai au embe, kiazi kitamu cha manjano kilichochemshwa. Hawa wa miaka mitatu hata mitano hula karibu kila tulacho, lakini wao nao wasingoje toka asubuhi hata mchana pasipo kutia kitu kinywani.

Chai tungependa isiwepo kabisa. Kikombe cha chai ya rangi kinyweshwapo pamoja na maharagwe huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na mtoto hupungukiwa na damu. Chungwa au pera lililoliwa wakati ule ule hufanya kinyume chake. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, maana zaweza kumkaba. Asali isionjwe kabla ya mwaka mmoja. Mahindi na karanga zilizoota kuvu zitupwe, wala zisipepetwe zikapikwa, hata mwaka wa njaa. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walikufa, wakiwamo watoto, kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, na moto wa jikoni hauiondoi sumu ile. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili pasipo kuliwa, na mikono ioshwe kwa sabuni, ya mlezi kwanza.

Labda mtu atasema kwamba haya ni mambo ya mijini na ya wenye mali. Si hivyo. Katika mkoa wa Iringa, tangu mwaka 1984, vijiji 168 vilifanya kazi hii vikisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito, na hesabu ikaletwa mbele ya baraza la kijiji, wanaume nao wakiwapo. Baraza likaulizana: mtoto wa fulani amepungua, kwa nini? Nani amlisha mchana? Vijiji vikafungua mahali pa kuwalishia watoto wakati mama wako shamba, kwa unga na maharagwe ya kijiji chenyewe. Kabla ya miaka mitano kupita, watoto waliodhoofika sana walipungua toka karibu 6 katika kila 100 hata karibu 2. Wala Iringa haikutajirika katika miaka ile.

Twamalizia kwa kazi ambayo kila mlezi aweza kuifanya, na hata ninyi wanafunzi mnaobaki na wadogo zenu. Mara moja kwa juma mketishe mtoto, weka vidole gumba vyako upande wa juu wa nyayo zake mbili, moja huku na moja huku, bonyeza polepole ukihesabu sekunde tatu, kisha ondoa. Ikiwa vishimo vimebaki katika miguu yote miwili, mtoto huyo hakunona. Apelekwe zahanati siku ile ile, pasipo kungoja mama amalize palizi. Huko watampima mkono kwa kanda yenye rangi tatu. Kwa mtoto wa miezi sita hata miaka mitano, mkono ulio chini ya sentimita 11.5 huangukia penye nyekundu, na chini ya 12.5 penye manjano. Wa manjano naye apelekwe, ingawa acheka na kucheza. Na mama akifika jioni kumchukua mwanawe, mlezi asimwambie tu kwamba amekula. Amwambie amekula nini, kiasi gani, na alichokikataa.