UGONJWA WA KUTETEMEKA NA VIFAA VYA KUPANDIKIZA UBONGONI: TUANZIE WAPI?

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya kamati za diakonia na afya za sharika, Rau, Moshi)



Jambo ninaloleta leo limefika mezani kwetu kwa njia ya barua. Mzee mmoja wa usharika anatetemeka mkono, anatembea kwa hatua fupi, na uso wake umekuwa mkavu kama mtu aliyekasirika. Watoto wake walioko nje waliona kwenye video mgonjwa wa namna hiyo akiwashiwa kifaa kilichopandikizwa mwilini, na mkono ukatulia papo hapo. Familia ikaandika kuomba kamati iendeshe changizo ili mzee apelekwe India akawekewe kifaa hicho. Kamati ikaniuliza: Je, tuchangishe?

Kifaa chenyewe

Video ile haikuwa ya uongo. Daktari wa upasuaji hutoboa fuvu, akapitisha waya mwembamba hadi sehemu za ndani za ubongo zinazoongoza mwendo wa mwili. Waya hupita chini ya ngozi ya shingo hadi kwenye kiboksi chenye betri, ambacho huwekwa kifuani chini ya mtulinga. Kiboksi hicho hutuma umeme kidogo mfululizo, kwa jinsi inayokaribiana na kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo.

Njia hii ilianza kupata umbo lake la sasa huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, chini ya Profesa Alim-Louis Benabid na wenzake. Marekani iliidhinisha kifaa hiki mwaka 1997 kwa ajili ya kutetemeka, na mwaka 2002 matumizi yake yakapanuliwa kwa wagonjwa wa Parkinson. Kwa miaka mingi kampuni ya Medtronic ilikuwa karibu peke yake sokoni. Leo zipo pia Boston Scientific na Abbott, na China inatengeneza vya kwake. Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha aina inayosikiliza ubongo na kujirekebisha yenyewe. Vipo pia vifaa vya kifafa, na majaribio yanaendelea kwa wagonjwa wa sonona. Soko linakua, na soko linalokua hutafuta wateja.

Hata hivyo kifaa hakiponyi Parkinson wala hakizuii ugonjwa kuendelea. Kwa kawaida hupewa mgonjwa ambaye dawa zinamsaidia lakini nguvu yake inakatika mapema, au zinamletea mwili kujinyonganyonga. Hakisaidii sana kuanguka wala matatizo ya kusema. Upasuaji wenyewe unaweza kuleta damu kuvuja ubongoni au maambukizi. Baadaye mgonjwa hurudi mara kwa mara kwa mtaalamu kurekebishiwa kiasi cha umeme, na betri ya kawaida huisha baada ya miaka michache, kisha upasuaji wa kubadilisha kiboksi. Gharama ya mwanzo peke yake, huko Marekani, ni makumi ya maelfu ya dola.

Hali yetu hapa mlimani

Sisi wa Kilimanjaro tuna bahati moja. Jirani zetu wa Wilaya ya Hai walifanyiwa utafiti wa nyumba kwa nyumba juu ya ugonjwa huu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Kati ya watu zaidi ya 161,000 walipatikana wagonjwa 33 wa Parkinson. Kinachonisumbua si idadi hiyo. Zaidi ya robo tatu ya wagonjwa wale hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Waliishi nao miaka, wengine karibu na barabara ya lami, bila jina la ugonjwa wala kidonge kimoja.

Watafiti walipouliza zaidi, walikuta watu wanauita tu ugonjwa wa kutetemeka. Wapo waliosema ni uzee, wapo waliosema ni kulogwa. Ndugu zangu, tusiwacheke. Ni mara ngapi tumemwona mzee anamwaga chai kwenye kikao tukanong'ona kwamba ni pombe?

Dawa ya msingi, levodopa, imetumika tangu miaka ya 1960 mwishoni, nayo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa ambaye bado hajaijaribu hawezi hata kujulikana kama kifaa kitamfaa. Pia mazoezi yanasaidia: wagonjwa wa Hai walifundishwa kutembea kwa kufuata mlio wa mapigo, na mwendo wao ukawa bora, ingawa walikuwa hawajaanza dawa. Kwaya zetu zinajua mapigo. Hilo halihitaji kuagizwa kutoka nje. Natoa tahadhari moja. Ni kweli mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, lakini asimpikie mtu mzee wake upupu nyumbani, kwa maana kipimo hakijulikani na madhara yapo.

Kosa langu mwenyewe

Siwaambii haya kama mtu asiyewahi kukosea. Miaka kadhaa iliyopita niliandika andiko la mradi kuomba mashine kwa ajili ya zahanati moja. Tuliipata, tukaiombea, tukapiga picha. Baada ya muda kipuri kimoja kikaharibika, na aliyeiuza hakutengeneza tena aina ile. Mashine iko stoo, imefunikwa kitenge. Andiko langu lilikuwa na bajeti ya kununua, halikuwa na bajeti ya kutunza.

Mashine iliyo stoo haimuumizi mtu. Iliyo ndani ya kichwa ni habari nyingine. Kampuni ya Marekani iitwayo Second Sight iliwapandikiza watu zaidi ya 350 duniani kifaa cha kuwasaidia vipofu kuona mwanga na maumbo. Mwaka 2019 iliacha kukitengeneza, mwaka 2020 ikapunguza wengi wa wafanyakazi wake, na wagonjwa wakabaki na chombo machoni bila fundi. Ikiwa hayo yaliwapata watu wa nchi tajiri, mzee wetu wa Rau atampigia nani simu?

Tulichoamua

Kamati haikuanzisha changizo la India. Tulimpeleka mzee KCMC, ambayo iko jirani na hapa, akapimwa na kuanzishiwa dawa. Hajapona. Lakini anafunga vifungo vya shati mwenyewe, na Jumapili anashika kitabu cha nyimbo. Mke wake aliuliza swali moja tu: "Mwezi ujao je, na ule mwingine?"

Swali hilo ndilo ninalowaachia. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kamati iorodheshe wazee wanaotetemeka au wanaoburuta miguu, na iwasindikize kwa daktari. Pili, tuwe na mfuko wa dawa za kila mwezi, usioisha mradi unapofungwa. Wafadhili wetu, najua kidonge hakipigwi picha nzuri kama mashine, lakini tunawaomba mtusaidie hapo. Tatu, siku daktari bingwa akisema mgonjwa fulani anakihitaji kifaa, tusikatae kwa sababu ni kigeni. Tuulize: nani atakirekebisha, wapi, betri italipwa na nani, na kampuni ikifungwa itakuwaje? Majibu yakiwepo kwa maandishi, tuchangishe bila hofu.

KCMC ilifunguliwa mwaka 1971 na shirika lenye jina la Msamaria Mwema. Sisi hukumbuka mafuta na divai, na jinsi Msamaria yule alivyomfunga majeruhi vidonda. Tunasahau kwamba asubuhi yake alimwachia mwenye nyumba dinari mbili, akaahidi kulipa kilichozidi atakaporudi. Alipanga bajeti ya kesho. Nasi tufanye hivyo.