Hita Mpya, Maji Vuguvugu: Tuanzie Wapi?

Mada kwa watumiaji wa umeme majumbani, Wilaya ya Buhigwe, Mkoa wa Kigoma



Asubuhi ya miinuko hii, kuanzia Muyama hadi Manyovu, haihitaji maelezo kwa anayeoga kabla ya jua kuchomoza. Kwa miaka mingi mkoa wetu uliendeshwa kwa majenereta ya mafuta. Mwaka 2022 gridi ya Taifa ilianza kutufikia, na hita za maji zikaanza kuonekana katika nyumba za kulala wageni na nyumba za kawaida. Hita huchakaa, hubadilishwa, na mara nyingine ile mpya hutoa maji vuguvugu. Mwenye nyumba hukimbilia kulaumu tangi na kununua jingine. Tunawaomba msifanye hivyo kabla ya kupima, kwa sababu mara nyingi kasoro haimo ndani ya tangi.

Tuanze na hesabu. Tuchukulie tangi la lita 50, maji yanayoingia yakiwa na nyuzijoto 18, nanyi mnataka yafike 60. Kazi hiyo huhitaji takriban uniti 2.4 za umeme. Koili ya wati 1,500 huimaliza kwa muda wa saa moja na dakika arobaini hivi. Aliyewasha hita kwa nusu saa kisha akaoga maji ya uvuguvugu hana hita mbovu, hakuipa muda. Vilevile, aliyekuwa na tangi la lita 30 akanunua la lita 80 lenye koili ileile atasubiri karibu mara tatu ya alivyozoea.

Sasa tutazame nguvu ya umeme. Umeme wa majumbani nchini mwetu ni wa volti 230. Volti zikishuka hadi 184, yaani kwa sehemu moja ya tano, nguvu ya koili haishuki kwa sehemu moja ya tano tu. Hushuka zaidi ya theluthi moja: wati 1,500 hubaki 960, na kazi ile ya saa moja na dakika arobaini huchukua zaidi ya saa mbili na nusu. Kwa hiyo hita inayochemsha vizuri usiku wa manane na kulegea saa moja jioni, wakati kila nyumba imewasha vifaa, inatoa ushahidi dhidi ya umeme, si dhidi ya tangi.

Upimaji ufuate mpangilio huu.

Kwanza, hakikisheni LUKU ina uniti, sakiti breka ya hita haijakatika, na taa ya hita inawaka.

Pili, angalieni kitufe cha kupangia joto. Hita nyingi huuzwa kikiwa kimewekwa chini.

Tatu, chunguzeni mabomba. Maji baridi yanapaswa kuingia upande wenye alama ya buluu, na ya moto kutoka upande wenye alama nyekundu. Fundi akiyageuza, mtapata maji moto kidogo, kisha baridi.

Nne, fungeni koki ya maji baridi yanayoingia kwenye hita, kisha mfungue bomba la maji moto. Maji yakiendelea kutoka kwa nguvu, ujue maji baridi yanapenya kupitia bomba la kuchanganyia bafuni. Hapo koili hufanya kazi yake, na maji baridi huiharibu.

Tano, ulizeni kama hita iliwashwa kabla ya kujaa maji. Koili ikipata moto bila maji huungua mara moja. Hita ijazwe hadi bomba la moto litoe maji mfululizo bila kukohoa hewa, ndipo iwashwe.

Yanayobaki ni ya fundi. Tafadhali msifungue kifuniko cha hita wenyewe: maji na umeme katika bafu moja vimekwisha kuua watu. Mwiteni fundi mwenye leseni ya EWURA na mwombe awaoneshe leseni hiyo. Ahakikishe waya wa ardhi umeunganishwa, kisha apime volti mara mbili hita ikiwa imewashwa: kwenye mita na kwenye hita yenyewe. Volti zikiwa nzuri kwenye mita na dhaifu kwenye hita, kasoro iko katika nyaya au maungio ya nyumba, na matengenezo ni ya mwenye nyumba. Zikiwa dhaifu kwenye mita pia, hilo ni la TANESCO. Zikiwa nzuri kote na maji hayapati moto, hapo ndipo hita yenyewe inashukiwa.

Vipimo hivyo viwili viandikwe, pamoja na tarehe na saa. Vinaamua mlango mtakaobisha. Kwa volti dhaifu, toeni taarifa TANESCO na mchukue namba ya taarifa. Msiporidhika, leteni lalamiko EWURA, au ombeni msaada wa Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC. Kwa hita mbovu, rudini kwa muuzaji mkiwa na risiti na dhamana. Bidhaa isiyokidhi viwango ipelekwe TBS, na ya bandia Tume ya Ushindani. Asiye na risiti ana neno lake tu.

Tumalizie na mfuko. Katika bei tulizotangaza mwaka 2016, mteja mdogo wa daraja D1 aliwekewa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi, kabla ya kodi na tozo. Tangi lile la lita 50 likichemshwa mara moja kila siku hutumia uniti 73 kwa mwezi. Taa, redio na simu bado hazijahesabiwa. Kwa hiyo maji baridi yanayopenya kwenye bomba la kuchanganyia hayawanyimi joto tu. Yanawasukuma kwenye bei ya juu.

Ndugu wananchi, pimeni kwanza, nunueni baadaye.