Hesabu Kwanza, Sahihi Baadaye

Hotuba kwa wanachama wa Meru na Embu



Nimeombwa niseme juu ya safari ya kahawa yetu na karatasi zake mpaka ng'ambo. Kazi yangu ni ya reli, na elimu yangu ni ya shule ya misheni tu. Lakini mtu anayepokea na kutoa mizigo kila siku hujua jambo moja: gunia hubebwa kwa mabega, lakini hulipwa kwa karatasi.

Waafrika wa Meru na Embu walipewa ruhusa ya kupanda kahawa katika miaka ya 1930. Reli haikufika Meru wala Embu. Ilipita Sagana ikaishia Nanyuki. Kwa hiyo tangu zamani mzigo wetu huanza safari kwa lori, na kila unapobadilisha chombo, mkono mmoja hutoa na mwingine hupokea. Hapo ndipo mali hupotea, na hapo ndipo mfanyakazi hutiwa hatiani.

Sasa sikilizeni njia yenyewe. Kahawa hutoka kiwanda cha chama cha ushirika ingali na ganda lake jembamba. Hupelekwa kukobolewa, kisha hutengwa kwa madaraja: AA, AB, PB na mengineyo. Kila fungu hupewa nambari, na nambari hiyo ndiyo jina lake. Ikifutika, au ikiandikwa vibaya, malipo ya mkulima yatachelewa, au yataingia katika hesabu ya watu wengine. Kisha huuzwa, sana sana katika mnada wa Nairobi ulioanza mwaka 1935, na mnunuzi huipeleka Mombasa kwa lori, au kwa reli mpya iliyoanza kuchukua mizigo mwaka 2018.

Kahawa ya ng'ambo hutiwa katika magunia ya kilo 60. Kontena la futi 20 kwa kawaida huchukua magunia 320, yaani kilo 19,200. Karatasi zake ni hizi: ankara ya mauzo, orodha ya mzigo, cheti cha asili, kinachoonyesha nchi ilikotoka, cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, karatasi za forodha, na hati ya shehena itolewayo na wenye meli. Tena tangu tarehe 1 Julai 2016, sheria ya dunia ya usalama wa meli inataka uzito wote wa kontena uthibitishwe kabla ya kupakiwa. Basi msiandike uzito wa kahawa peke yake mahali panapotakiwa uzito wote. Magunia yana uzito wake, na kontena lina uzito wake.

Labda mtu atauliza, "Mimi mchukuzi wa Meru, hayo yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Mnunuzi wa Hamburg akilipa kwa dhamana ya benki, benki haionji kahawa wala haihesabu magunia. Husoma karatasi tu. Ankara ikisema 320, na hati ya shehena ikisema 319, benki ina haki ya kukataa kulipa. Na kwa desturi ya mabenki, karatasi zifikishwe kwao katika muda wa siku 21 tangu mzigo kupakiwa melini. Kosa la tarakimu moja lililofanyika ghalani laweza kuzila siku hizo zote.

Tuseme lori limefika na karatasi ya magunia 200. Dereva ana haraka, karani ana haraka, nawe unaambiwa, "Tia sahihi, twende." Unatia. Nairobi wanahesabu 197. Magunia matatu yatadaiwa kwa nani? Kwa mwenye sahihi. Lakini kama ungaliandika, "Nimepokea 197, 3 hayapo, 1 limepasuka," karatasi ile ingalikuwa shahidi wako. Mtu wa namna hiyo Chama kitamtetea kwa nguvu. Aliyetia sahihi bila kuhesabu, tutamtetea kwa neno gani?

Basi nawausia mambo manne:

1. Hesabu mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Upungufu uandike palepale, na dereva atie sahihi yake.

2. Linganisha nambari ya fungu iliyo juu ya gunia na ile ya karatasi.

3. Tazama lakiri ya mlango na uandike nambari yake. Ikiwa imevunjika, usipokee bila shahidi.

4. Baki na nakala yako, uitunze.

Na mabwana wasimamizi nao wasikie: mtu hawezi kuhesabu magunia 200 gizani, wala kwa dakika tano. Tunadai taa, tunadai mizani iliyopimwa, tunadai wakati wa kuhesabu. Madai haya yanalinda mali ya mkulima na mshahara wa mfanyakazi pamoja.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo, ndugu zangu, huanza mikononi mwetu.