Kura 10 zilizomng'oa meya

Vijana wenzangu, kila uchaguzi nasikia, "Kura yangu moja itafanya nini?" Leo nawapa jibu kutoka Marekani.

Katika jimbo la Vermont, Bernie Sanders aligombea useneta mara mbili na ugavana mara mbili, kati ya 1972 na 1976. Mara zote nne aligaragazwa; hakufikisha hata asilimia 7.

Mwaka 1981 akashuka mjini Burlington, akagombea umeya. Meya Gordon Paquette alikuwa na miaka 10 kitini, na alitaka kupandisha kodi ya majengo. Sanders akapiga hodi nyumba kwa nyumba, akapinga kodi hiyo. Kura zikahesabiwa, zikarudiwa. Kashinda kwa kura 10! Ndugu zangu, watu 10 hawajazi hata daladala.

Akachaguliwa tena mara tatu. Mwaka 1986 akajaribu ugavana, akashindwa. Mwaka 1988 akataka ubunge, akashindwa. Mwaka 1990 akaupata.

Sasa fikirieni wafuasi 10 wa Paquette waliobaki nyumbani siku ile wakisema meya wao atapita tu. Kadi ya kura ikilala kabatini haimlindi mtu, wala haimng'oi mtu.