Kichaka Si Ardhi Tupu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na watu wa muji)



Mwaka 1885 Serkali ya Léopold iliamuru kwamba ardhi yote isiyokaliwa ni mali yake. Kichaka ambacho wazee wetu walikiacha kipumzike, ikakihesabu kuwa ardhi tupu. Ndugu, hakikuwa kitupu. Kilikuwa kazini.

Tazameni msitu wetu wa Ituri na Maniema. Miti ni mikubwa, lakini udongo ni maskini. Nguvu yake imo katika miti na majani yanayooza. Ukikata na kuchoma, majivu yanalisha shamba mwaka mmoja ao miwili, halafu mvua inafagia yote. Kwa hiyo wazee walihama, wakarudi kisha miaka mingi.

Leo, karibu na miji na migodi, tunarudi miti ingali michanga. Muhogo unakuwa mdogo, nyasi zinashika shamba. Tusiwalaumu wakulima peke yao. Makala na mbao, nani anazinunua? Ni sisi watu wa mshahara.

Lakini udongo uliochoka haukufa. Pale Mampu, mashariki ya Kinshasa, ardhi ilikuwa ya mchanga na nyasi. Tangu 1987 mpaka 1993 akasia zilipandwa kwenye hektari 8,000 hivi, zikagawiwa familia zipatazo 300, kila moja hektari 25. Akasia inatia nguvu udongoni. Ikikomaa wanaikata, wanachoma makala, wanapanda mahindi na muhogo, na mbegu zilizolala chini zinaota tena. Hicho nacho ni kichaka, ila kimepandwa kwa mikono.

Kwetu msituni tufanye vile vile: tuache miti mikubwa shambani, tuchanganye kunde na muhogo, tupande miti ya makala na kakao ya kivulini kwenye mashamba ya zamani, si kwa kukata msitu mpya.

Lakini nani atapanda mti penye ardhi anayoweza kunyang'anywa? Sheria ya 1973 inasema ardhi ni ya Serkali. Hata hivyo, amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamaa ya kijiji kuomba msitu wake, mpaka hektari 50,000, bila kikomo cha muda. Wengi vijijini hawajaisikia. Sisi tuliosoma tuwaandikie barua, twende nao kupima mipaka, na vichaka vinavyopumzika tuvitie ndani ya karata.

Tulipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Asiwepo tena mtu wa kuita tupu ardhi inayotulisha.