Hofu Inayobaki Mwilini: Mazungumzo Yetu Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



Habari za hisa, mikopo na mgao mmekwisha kuzisikia kwa Mweka Hazina, na vitabu viko pale mezani, atakaye kuvipekua avipekue. Sisi tumepewa muda mfupi tuseme juu ya jambo lisiloingia katika sanduku lenye kufuli tatu. Jambo lenyewe ni hofu inayobaki mwilini baada ya mkasa kwisha.

Mwenzetu mmoja ameturuhusu tuseme habari zake, ila jina tuliache. Miaka minne iliyopita alikuwa ndani ya pikapu iliyojaza abiria na magunia, ikapinduka kwenye mteremko. Watu walikufa mbele ya macho yake. Yeye alivunjika mkono. Mkono uliunga, roho haikuunga. Tangu siku ile hakupanda gari. Akisikia lori linanguruma huko mbali, anaangusha alichoshika. Usiku anaota, anaamka analia. Kwanza aliacha kupeleka karanga mnadani, kisha akaacha njia yote inayopita kando ya barabara, mwisho akaanza kukosa mikutano. Aliyekuwa ananunua hisa tano kila wiki akawa ananunua moja, tena kwa kumtuma mtoto. Mtoto mdogo alipougua na kuandikiwa kwenda Mkomaindo, mama yule alimkabidhi wifi yake, akabaki kizingitini anatetemeka. Hilo ndilo lililomwuma kuliko yote.

Jamani, si mnajua yanayosemwa mtu akiwa hivyo? Huyu anasema karogwa, yule anasema ana jini. Wengi wanasema: sahau, usiyataje, utayaamsha. Sisi hatuna ugomvi na dua, wala na mzee anayetoa dawa zake kwa nia njema. Lakini hilo la "usiyataje" tunalipinga hadharani.

Muuguzi aliyetusaidia alitueleza hivi. Ukiogopa kitu ukakikimbia, unapata nafuu papo hapo. Nafuu ile ni tamu, nayo inaufundisha mwili kwamba kile kitu kweli kingekuua, na bahati yako ulikimbia. Kesho utakimbia mapema zaidi. Hivyo eneo la hofu linapanuka, eneo la maisha linapungua, mpaka mtu anabaki na kitanda chake. Dawa yake ni kinyume: kukikaribia kile kitu kidogo kidogo, mahali penye usalama, na kukaa hapo mpaka mwili wenyewe uchoke kuogopa. Nao unachoka kweli. Moyo hauwezi kwenda mbio siku nzima.

Hayo si maneno ya kubuni hapa kwetu. Katika kambi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, wakimbizi 43 kutoka Sudan waliokuwa na kiwewe cha vita walijaribiwa njia hii, na matokeo yakaandikwa mwaka 2004. Mtu anaketi na msikilizaji, wanatandaza kamba chini kama ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Penye jema wanaweka ua, penye baya wanaweka jiwe. Kisha anasimulia maisha kwa utaratibu, na akifika kwenye jiwe hapiti haraka. Anasema aliona nini, alisikia harufu gani, moyo ulifanyaje, mpaka hofu ishuke. Vikao vilikuwa vinne tu. Mwaka mmoja baadaye, waliokuwa bado na ugonjwa ule ni karibu 3 katika kila 10. Waliopewa ushauri wa kawaida walikuwa karibu 8 katika 10.

Na lililotupa moyo zaidi ni la Nakivale, hukohuko Uganda, matokeo yake yakatoka mwaka 2008. Wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia walishiriki, na waliosikiliza hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo. Karibu 7 katika 10 waliosimulia kwa njia hii walipona. Ingawa haki isemwe: walioshauriwa kwa njia nyingine na wasikilizaji walewale nao walipona karibu sawa. Walioachwa bila kusaidiwa ndio waliobaki nyuma sana.

Basi mwenzetu alianza hivyo. Kwanza alimsimulia muuguzi ajali yote, tangu kupanda gari hadi hospitali, wiki baada ya wiki, ikiwa ileile. Mara ya kwanza alitapika. Mara ya tano alikumbuka kitu alichokuwa amekisahau, kwamba kuna kijana alimshika mkono mzima wakati wote wakisubiri msaada. Kisha wakapanga ngazi. Kusimama kando ya barabara saa ya magari. Kukaa ndani ya gari la jirani, injini imezimwa. Kisha injini inawaka, gari halitembei. Kisha mpaka mwisho wa kijiji. Sisi tulikuwa tunapokezana kumsindikiza, wawili wawili. Sharti lilikuwa moja: usishuke hofu ikiwa juu. Tulikuwa tunamwuliza, "Dada, ngapi katika kumi?" Anasema nane. Tunakaa. Tunapiga soga za nyumbani. Anasema sita. Tunakaa tu. Siku ya injini kuwaka bangili zake zililia kwa kutetemeka, na tulikaa karibu saa nzima mpaka akasema tatu, halafu akasema ana njaa. Mwezi wa nne wa kazi hiyo alipanda mlima hadi Newala na kurudi. Bodaboda kwenye mteremko ule hapandi mpaka leo, wala hatumlazimishi. Ile si hofu, ile ni akili.

Hapo tusisitize kidogo. Njia hii ni ya hatari iliyopita. Mama anayepigwa nyumbani kila Jumamosi, hofu yake inasema kweli, na hakuna wa kumzoesha kuvumilia. Huyo tunampeleka Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na tunamtafutia pa kulala. Pia msimlazimishe mtu kusimulia mbele ya kadamnasi, wala msimsukume ngazi ya juu kwa siku moja. Na anayesema anataka kufa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Watu wa kusini mikasa hatukuikosa. Wazee waliopo hapa wanakumbuka wakimbizi waliovuka Ruvuma wakati wa vita ya ukombozi ya Msumbiji, 1964 hadi 1974. Oktoba 2020 wavamizi waliotokea ng'ambo walishambulia kijiji cha Kitaya, humuhumu mkoani Mtwara, na Machi 2021 ukavamiwa mji wa Palma. Wamakonde tuko pande zote mbili za mto, msiba wa kule unalala nyumbani kwetu.

Mtauliza, hisa zenyewe haziponyi? Mashariki mwa Kongo walijaribu. Wanawake waliofanyiwa ukatili wa vita waliingizwa katika vikundi vya kuweka na kukopa kama hiki chetu. Matokeo, yaliyotoka mwaka 2016, yalionyesha chakula nyumbani kiliongezeka na kunyanyapaliwa kulipungua, lakini maumivu ya rohoni hayakupungua kwa kuweka akiba peke yake. Ndiyo maana tumeona vyote viwili vinatakiwa.

Yako mambo madogo ya kujisaidia wakati hofu inapanda: kutoa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, kukanyaga chini na kutaja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, kumwambia jirani badala ya kujifungia. Kujizamisha katika uraka msimu wa mabibo hakusaidii. Usingizi wa pombe hauponyi, na asubuhi hofu iko palepale pamoja na kichwa.

Kuanzia mzunguko huu mfuko wa jamii utatoa nauli, bila riba, kwa mwanachama anayekwenda kutibiwa kiwewe, kama unavyotoa kwa malaria. Wenzetu wawili watabaki kila baada ya mkutano, nusu saa, kwa atakayetaka kusema. Yatakayosemwa hayaandikwi kitabuni. Leo watakuwa chini ya mwembe baada ya chai, na waume pia wanakaribishwa.